Kuogelea na Pomboo Walio Huru Bimini, Bahamas: Namna ya Kupanga Safari ya Siku Moja

Ukitafuta mtandaoni safari ya kuogelea na pomboo katika visiwa vya Karibi, matangazo mengi yatakayokujia ni ya mabwawa. Pomboo yumo ndani ya uzio, anapewa samaki, anambusu mgeni shavuni, picha inapigwa, muda umekwisha, kundi jingine linaingia. Hapa nitaeleza safari nyingine: mashua inayotoka Bimini kwenda kwenye mafungu ya mchanga mweupe, mahali ambapo pomboo wanaishi maisha yao wenyewe. Wakitaka watakuja kuogelea karibu na watu. Wasipotaka watakwenda zao. Tiketi, hoteli, mwezi wa kusafiri, hata namna ya kuteremka majini, vyote inabidi vipangwe kwa kufuata ukweli huo mmoja.

Kijiografia Bahamas iko katika Atlantiki, kaskazini ya Bahari ya Karibi yenyewe. Lakini ni mwanachama wa jumuiya ya nchi za Karibi, CARICOM, tangu 1983, na wauzaji wa safari wanaihesabu humo humo. Ukitafuta "Karibi" utaikuta.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Hakuna tangazo linalosema "pomboo wa kufugwa". Utasoma "makazi ya asili", "ghuba tulivu", "uzoefu wa maisha". Soma chini ya maneno hayo. Je, umehakikishiwa kwamba pomboo lazima utamwona? Je, kuna vipindi vya saa maalumu, kundi baada ya kundi? Je, umeahidiwa kushika pezi lake akuvute, au kumbusu? Ukiona hata moja kati ya haya, huyo ni pomboo wa bwawani. Wa baharini hana ratiba na hakuna nahodha anayeweza kumwahidi.

Sipendekezi safari za bwawani, na nasema hivyo kwa moyo wote. Pomboo huru anaweza kuogelea makumi ya kilomita kwa siku, anawinda kilindini usiku, na mtoto hukaa na mama yake miaka kadhaa akijifunza kazi hiyo. Hakuna uzio unaoweza kumpa hayo. Hata nchi ambazo biashara hii imeota mizizi zimeanza kubadilika: mwaka 2025 Mexico, yenye vituo vya utalii vya Cancún na Cozumel, ilipitisha sheria ya kupiga marufuku maonyesho ya pomboo na mamalia wengine wa baharini.

Jambo jingine la kuangalia ni kisiwa kiko chini ya sheria za nani. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani vinafuata sheria ya Marekani ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini, ambayo inakataza kuwasumbua pomboo walio huru, na mwongozo wa serikali unataka watu wakae yadi 50 mbali nao, yaani kama mita 45. Florida ni hivyo hivyo. Mtu akikutolea ofa ya kuwarukia pomboo huko, achana naye. Hii ndiyo sababu mojawapo wakazi wengi wa Florida huvuka kwenda Bahamas.

Hatua ya 2: Fahamu kwa nini ni Bimini

Bimini ni visiwa vidogo viwili, cha kaskazini na cha kusini, kama kilomita 80 mashariki ya Miami. Magharibi yake bahari inashuka ghafla kwenye kilindi ambamo Mkondo wa Ghuba unapita kwa nguvu kuelekea kaskazini. Upande wa pili kuna fungu kubwa la mchanga, Great Bahama Bank, ambako kina cha maji mahali pengi ni mita 6 hadi 12 tu, na maji ni meupe kiasi cha kuona chini bila shida.

Pomboo wenye madoa wa Atlantiki wanatumia sehemu zote mbili. Usiku wanakwenda ukingoni mwa kilindi kula ngisi na panzi wa baharini. Mchana wanarudi kwenye mchanga, wanapumzika, wanacheza, wanalea watoto, na papa mkubwa hawezi kuwajia bila kuonekana. Kwa hiyo mgeni anayefika mchana anawakuta wakiwa wameshiba na katika maji ya kina kifupi. Ni sehemu chache sana duniani ambapo mambo haya mawili yanakutana.

Madoa yao yanakusaidia kusoma umri. Mtoto huzaliwa kijivu bila doa hata moja. Madoa huanza tumboni, kisha mgongoni, yanaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka mzee anakuwa ametapakaa madoa mwili mzima. Ukimwona mkubwa mwenye madoa mengi na ubavuni mwake mdogo asiye na doa, yaelekea sana ni mama na mwana, na hao ndio wa kukaa nao mbali zaidi.

Wataalamu wanawafahamu pomboo hawa mmoja mmoja. Wild Dolphin Project, mradi unaoongozwa na Denise Herzing, umekuwa ukiwafuatilia pomboo wa Little Bahama Bank, fungu jingine la mchanga lililo kaskazini zaidi, tangu 1985. Mwaka 2013 karibu nusu ya jamii hiyo ilihama ikaja kukaa upande wa Bimini, ambako tayari kulikuwa na wenyeji wao. Mradi mwingine, Dolphin Communication Project, umewapiga picha na kuwapa majina wengi wa Bimini.

Kuna pia pomboo wa pua ya chupa, wakubwa zaidi, rangi ya kijivu moja. Hawa mara nyingi hawana haja na watu. Utawaona wakiwa wamesimama kichwa chini, mdomo umezama mchangani hadi karibu na mapezi ya kifua, wakichimbua samaki waliojificha. Wakiondoka wanaacha mashimo ya duara sakafuni mwa bahari.

Hatua ya 3: Maliza karatasi kabla ya kulipa

Hapa ndipo safari za watu wetu zinapoharibikia, kwa hiyo soma polepole.

Bahamas ina masharti yake ya viza, yanatofautiana pasipoti kwa pasipoti. Mkenya, Mtanzania, Mkongo na Mrundi wasidhani wako kundi moja. Kila mmoja athibitishe pasipoti yake kwa Idara ya Uhamiaji ya Bahamas. Hakikisha pasipoti ina angalau miezi sita mbele. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo.

Njia ya kawaida inapita Florida, na Marekani haimruhusu abiria wa kigeni anayehitaji viza kupita tu uwanjani bila viza, hata kama anabadilisha ndege kwa saa mbili. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam unaweza kupita London, kuna ndege ya moja kwa moja hadi Nassau, mji mkuu wa Bahamas, halafu ndege ndogo ya ndani. Lakini Uingereza nayo ina masharti yake ya viza ya kupitia, yaangalie.

Kwa unayeishi Marekani swali kubwa ni kurudi. Bimini ni nchi nyingine, hata kama usiku unaona mwanga wa Florida angani. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu akivuka, anaweza kukwama upande wa pili. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu aibebe pamoja na pasipoti. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi. Na aliyeomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa asitie mguu kwenye feri kabla ya kuzungumza na wakili wake. Kutoka bila kibali kunaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha ombi. Jamaa wengi kutoka Kivu na kwingineko Kongo walioko Marekani wako katika hali hizi, na mwenye kuuza tiketi hatakuuliza.

Mengine ni mepesi. Dola ya Bahamas ina thamani sawa na dola ya Marekani na zote mbili zinapokelewa. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 10, uliza kama bei uliyotajiwa imeshaijumlisha. Umeme ni wa aina ya Marekani, kwa hiyo anayetoka Afrika Mashariki anahitaji adapta. Magari yanapita kushoto kama Kenya na Tanzania, ingawa Bimini ya Kaskazini watu wengi wanatembelea vigari vya gofu.

Hatua ya 4: Chagua mwezi, na uweke siku za akiba

Msimu mzuri ni Mei hadi Septemba. Bahari inakuwa shwari, maji yana joto la nyuzi 28 hadi 30, na mashua inaweza kufika mbali kwenye mafungu bila kupigwa na mawimbi. Kuanzia Desemba hadi Machi pepo za baridi zinashuka kutoka bara la Marekani, bahari inachafuka kwa siku kadhaa mfululizo, na waongozaji wengi wanahamia kazi ya papa, maana huo ndio wakati wa papa nyundo wakubwa Bimini.

Msimu wa vimbunga unaanza rasmi tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari huwa kubwa zaidi Agosti hadi Oktoba. Kimbunga Dorian cha Septemba 2019, kilichovunja visiwa vya Abaco na Grand Bahama, bado watu wanakisimulia. Kwa maoni yangu mwisho wa Mei, Juni na nusu ya kwanza ya Julai ndiyo chaguo la busara: bahari imetulia na hatari bado ndogo. Nunua bima ya safari inayotaja vimbunga kwa jina, na uinunue mapema, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina bima mpya haikigusi.

Safari ya pomboo ni ya siku moja, hata nusu siku, lakini usipange kuja Bimini asubuhi na kurudi Florida jioni ile ile. Feri ya kutoka Fort Lauderdale huchukua kama saa mbili, kuna foleni ya uhamiaji pande zote mbili, na mashua za pomboo nyingi hukaa baharini saa tatu hadi tano. Ratiba haziungani vizuri. Lala usiku mbili au tatu, weka siku ya pomboo iwe ya kwanza kabisa, ili upepo ukivuma uweze kusogezwa siku ya pili. Kwa ndege kutoka Florida kusini ni kama nusu saa tu. Uwanja uko kisiwa cha kusini, na boti ndogo inakuvusha kwenda cha kaskazini kwa dakika chache.

Hatua ya 5: Mchunguze mwongozaji

Wasomaji wengi wanaijua Kizimkazi, kusini ya Unguja, ambako biashara ya kupeleka wageni kwa pomboo ilishamiri miaka ya 1990. Wanajua pia picha ya siku mbaya: boti nyingi zimelizunguka kundi moja, injini zinanguruma, manahodha wanapiga kelele "ruka, ruka!", wageni wanaangukia migongoni mwa pomboo, nao wanazama na kuibukia mbali, boti zinawafuata tena. Wako manahodha wazuri Kizimkazi wanaokataa mchezo huo, na wanastahili kupewa wateja. Hata Bimini tofauti kati ya siku njema na siku mbaya iko kwa nahodha, kwa hiyo mwandikie kabla hujalipa, umuulize:

- Mashua inabeba watu wangapi, na wangapi wanaingia majini kwa wakati mmoja?
- Je, kiongozi anaingia majini pamoja nasi, au anabaki juu?
- Pomboo wakiondoka unafanya nini?
- Je, mnawalisha au kuwavuta kwa chochote?
- Hali ya hewa ikiharibika, pesa zinarudi au tunasogeza siku?
- Tusipowaona, je?

Swali la tatu ndilo linalomfunua. Jibu zuri ni "tunawaacha". Akisema "tunawafuata mpaka upate picha yako", mshukuru utafute mwingine. Kwa swali la mwisho, wengi hawarudishi pesa kwa kutokuwaona, na mimi nawaelewa: umelipia mafuta, ujuzi na saa zao. Wengine hutoa punguzo la safari ya pili. Anayeahidi asilimia mia anakudanganya, au atafanya yasiyofaa ili ahadi isivunjike.

Uliza pia leseni, redio ya mawasiliano, jaketi okozi za saizi ya watoto, na chupa ya oksijeni ya dharura. Hospitali kubwa ziko Nassau, si Bimini. Bei huzidi dola 100 kwa mtu mzima, na bakshishi ya kama asilimia 15 ni desturi. Ukifika gatini, salimia kwanza. Wabahama wanafanana nasi hapo: anayeanza na swali kabla ya "good morning" anaonekana hana adabu.

Hatua ya 6: Andaa mwili wiki chache kabla

Wengi wetu tumekulia mbali na maji au tumekulia pwani tukiogelea kienyeji tu. Kuogelea baharini, nyuso chini, miguu haigusi, ni jambo jingine. Usilifanyie majaribio Bimini. Tafuta bwawa la karibu, vaa miwani ya kuzamia na snorkeli, yaani bomba la kupumulia, ulalie tumbo juu ya maji bila kushika kitu kwa dakika kumi, ukipumua polepole kwa mdomo. Ukiweza hilo bila moyo kwenda mbio, ongeza mapezi ya miguuni: piga kutoka nyongani, magoti yamelegea kidogo, mapezi yasitoke nje ya maji. Kisha jifunze kupuliza maji yaliyoingia kwenye snorkeli bila kuinua kichwa. Ujuzi huu ukishakaa mwilini unatosha.

Asiyejua kuogelea kabisa anaweza bado kwenda. Atavaa jaketi okozi, atashika kamba ya boya nyuma ya mashua, na kiongozi atakuwa karibu. Lakini amwambie nahodha wakati wa kuweka nafasi, si pale mashua imeshasimama. Wenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, na wajawazito waonane na daktari kwanza.

Kichefuchefu cha bahari kimewaharibia siku watu wengi kuliko papa. Kunywa dawa usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Ukisubiri tumbo lianze kuvurugika umechelewa. Kula kitu chepesi kama mkate au ndizi, usipande na njaa wala na mafuta mengi. Kwenye mashua kaa nyuma, karibu na tezi, utazame upeo wa macho, simu iweke mfukoni.

Hatua ya 7: Vifaa

Miwani ni kila kitu. Za kukodi zinakuwepo, ila yako mwenyewe iliyokukaa vizuri ni bora. Ijaribu dukani: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, ikikaa yenyewe imekufaa. Mpya ina utando wa kiwandani, isugue ndani kwa dawa ya meno isiyo na rangi kisha uisuuze, la sivyo itafunga ukungu.

Waliosuka nywele wafunge misuko chini, karibu na shingo, ili mkanda upite juu ya fundo. Fundo la utosini linausukuma mkanda na maji yanaingia. Unywele mmoja tu ukipita chini ya mpira unatosha kuleta uvujaji. Wenye masharubu wapake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo.

Vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, inakukinga na jua kuliko krimu na haichafui maji. Kwa dada anayejisitiri, burkini inayobana kiasi inafaa sana. Buibui au kanga majini ni hatari, vinanasa miguu. Ukitaka krimu, chagua ya zinki na uipake nusu saa kabla. Vua hereni, bangili, cheni na saa za kung'aa: samaki mkali aitwaye mzia huvutiwa na kumetameta, na pete inaweza kumkwaruza pomboo anayepita karibu mno. Kamera iwe na kamba ya mkononi. Fimbo ya kujipigia picha iache hotelini.

Hatua ya 8: Siku ya bahari

Mashua ikishatoka kituo cha Bimini ya Kaskazini inaelekea kwenye mafungu, mara nyingi mwendo wa kama saa nzima. Kisha inapunguza mwendo. Kazi yenu nyote ni macho: pezi la mgongoni, maji yanayochemka kidogo pasipo upepo, ndege wanaozunguka. Inaweza kuchukua dakika kumi au saa mbili. Wakionekana, mara nyingi wao ndio watakaokuja, wanapanda wimbi linalosukumwa na omo ya mashua, wanageuka ubavu na kukutazama kutoka chini.

Kuonekana bado si ruhusa ya kuingia. Kiongozi mzuri atawaangalia kwanza wanafanya nini. Wakiwa wamesongamana, wanaibuka pamoja polepole, wamelala, waacheni. Wakipita kwa mstari mmoja kwa kasi, wana safari yao. Wakiwa na kichanga, waacheni. Wakizunguka, wakirudi kwenye mashua baada ya kuondoka, wakirushiana mwani, hapo injini inawekwa huru na kiongozi anateremka wa kwanza.

Wewe kaa ukingoni mwa jukwaa la nyuma, miwani tayari usoni, snorkeli mdomoni, uteleze majini kimya. Usiruke. Usipige kelele, ingawa utatamani. Jisogeze mita chache kutoka kwenye mashua, ulalie maji, mikono ubavuni au nyuma ya mgongo, utulie.

Utawasikia kabla ya kuwaona: filimbi nyembamba, halafu mkwaruzo wa haraka kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole. Huo mkwaruzo ni mibofyo ya sauti. Anakupima kwa mwangwi, ukubwa wako, umbo lako. Kisha umbo la kijivu linatokea upande ambao hukuutazamia, linapita mita mbili kutoka kwako, na jicho moja dogo jeusi linakuangalia wewe mahsusi. Akianza kukuzunguka, geuka naye taratibu, umtazame jicho kwa jicho. Akiharakisha usimkimbize, huwezi kumfikia, na mwenye kukimbiza hugeuka haraka kuwa mtu asiyevutia. Kaa. Pengine atarudi na mwenzake. Wanaojua kupiga mbizi wasiwashukie kutoka juu, bali washuke pembeni, wawaache wao wachague.

Mikono usinyooshe kabisa. Ngozi yao inakwaruzika kwa kucha, magonjwa yanaweza kuvuka kutoka kwetu kwenda kwao na kutoka kwao kuja kwetu, na pomboo aliyezoea mkono wa mtu ni pomboo atakayesogelea boti ya mvuvi na rafadha yake.

Wana hasira pia. Akipiga mkia juu ya maji kwa nguvu, akigonganisha mataya, akiacha mdomo wazi mbele yako, au akikunja mwili kwa umbo la herufi S, anakuambia ondoka. Usibishane. Rudi nyuma polepole ukimtazama, uelekee ngazini. Madume wakichezeana kwa fujo, usijiweke katikati.

Papa wapo, Bahamas imepiga marufuku uvuvi wao wa biashara tangu 2011. Ukimwona, kaa na kundi, usirushe maji, mtazame kiongozi. Na jifunze ishara mbili kabla ya kuingia: mkono juu ya utosi maana yake niko sawa, mkono unaopungwa hewani maana yake nisaidieni. Kwa hiyo usiwapungie jamaa walioko kwenye mashua kwa furaha, utamrusha nahodha roho.

Mkondo unaweza kukusogeza bila kuhisi, hasa karibu na ukingo wa kilindi. Kila dakika moja au mbili inua kichwa, tafuta mashua iko wapi. Ukiitwa, toka. Zamu yako ikiisha kabla ya pomboo kuondoka, mpishe mwenzako.

Hatua ya 9: Wasipokuja, na baada ya hapo

Siku bila pomboo ipo, na nahodha wengi hujaza muda kwa kuogelea kwenye miamba. Upande wa kusini kuna Sapona, meli ya zege iliyopandishwa na kimbunga cha 1926 ikabaki hapo nusu nje nusu majini, imejaa samaki. Kwenye kisiwa kidogo cha Gun Cay wapo samaki aina ya taa wanaopita kwenye mchanga wa kina cha kiuno. Kwa siku ya akiba, chukua boti ndogo uingie kwenye mikoko ya Bimini. Mwaka 1964 Martin Luther King Jr. alipelekwa humo na mwenyeji, akaandika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Njaa ikiuma tafuta mkate wa Bimini, mweupe, laini, mtamu kidogo, ununue asubuhi ukiwa bado moto.

Makombe makubwa ya konokono wa baharini yanauzwa kila mahali. Yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa matumizi binafsi kikomo ni matatu kwa mtu mmoja. Gamba la kasa na matumbawe usinunue kabisa, forodha ya Florida itakunyang'anya.

Picha zako zina kazi. Zichague zile zinazoonyesha pezi la mgongoni au madoa ya ubavu kwa uwazi, andika tarehe, saa, na upande gani wa mwili unaoonekana, umpe nahodha azifikishe kwa watafiti. Pomboo mwenye mkato kwenye pezi aliyepigwa picha na mgeni mwezi Juni anaweza kuwa yule ambaye hawajamwona tangu mwaka jana.